Aliandika masharti ya shindano, kisha akashinda yeye: bendera ya Chicago na watu wanaoikagua stori yake

Mwaka 1915 Chicago lilikuwa jiji kubwa, lenye pesa na lenye kelele, ila halikuwa na bendera yake rasmi. Meya akaunda kamati. Ndani ya kamati kulikuwa na mchoraji mmoja, naye akamwomba jamaa mmoja, mshairi na mhadhiri aliyependa sana mambo ya bendera, aandike masharti ya shindano la wazi. Watu wakachangamka, ikaletwa michoro zaidi ya 1,000.

Mshindi alikuwa nani? Jamaa yuleyule aliyeandika masharti.

Tarehe 4 Aprili 1917 baraza la jiji likapitisha mchoro wake. Siku mbili baadaye Marekani ikaingia kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na nchi nzima ikawa na mambo mengine ya kuwaza.

Hapo ulipo tayari una maneno mdomoni. "Mchezo ulichezwa!" "Alijipendelea!" Tulia kwanza. Jiulize swali moja: hiyo stori umeiamini kwa sababu gani? Kwa sababu ni tamu? Kwa sababu imeandikwa vizuri? Au kwa sababu umeona ilikotoka?

Hilo swali ndilo kazi ya kundi la watu ambao wengi hawajui hata kama wapo. Hawalipwi na hawajulikani kwa sura. Wengi wanatumia majina ya utani tu. Kazi yao ni kukaa na makala ya Wikipedia, mstari kwa mstari, na kusema kama inastahili kuitwa makala nzuri au bado. Na makala ya bendera ya jiji, kitu kinachoonekana kidogo hivi, ni mtihani mgumu kuliko unavyodhani.

Kitambaa chenye siri nyingi

Kwa asiyeijua, bendera ya Chicago ni nyeupe, ina mistari miwili ya buluu ya maji iliyolala, na katikati zimepangwa nyota nne nyekundu. Kule watu wanaichora tatoo, wanaivaa kwenye kofia na fulana. Ni kama jezi ya timu ambayo haifungwi.

Kila kitu pale kina maana yake. Sehemu tatu nyeupe ni pande tatu za jiji: kaskazini, magharibi na kusini. Mstari wa juu wa buluu ni Ziwa Michigan pamoja na tawi la kaskazini la Mto Chicago. Wa chini ni tawi la kusini na mfereji mkubwa. Nyota ya kwanza ni Fort Dearborn, ngome ya jeshi iliyojengwa 1803. Ya pili ni moto mkubwa wa 1871. Ya tatu ni Maonyesho ya Dunia ya 1893. Ya nne ni maonyesho mengine, yale ya 1933 hadi 1934 yaliyoitwa Karne ya Maendeleo.

Nyota zenyewe zina ncha sita, tena ndefu na kali. Mchoraji hakutaka ncha tano, kwa maelezo kwamba hizo ni za nchi na majimbo yanayojitawala, na mji ni mji tu.

Sasa angalia mtego. Mtu akisoma "nyota ya kwanza ni ngome ya 1803", anafikiri moja kwa moja kwamba hiyo ndiyo nyota ya zamani kuliko zote kwenye bendera. Kumbe ndiyo ya mwisho kuwekwa! Bendera ya 1917 ilikuwa na nyota mbili tu, ya moto na ya maonyesho ya 1893. Ya tatu iliongezwa 1933. Ile ya ngome ilikuja 1939, ikapewa nafasi ya kwanza kwa sababu nyota zimepangwa kwa kufuata matukio ya historia, na hazikufuata mwaka wa kuongezwa.

Mwandishi mzembe anakosea hapo kwa sentensi moja. Mwanafunzi anainakili kwenye kazi ya shule. Mwenye ukurasa wa Instagram anaiweka juu ya picha nzuri na muziki nyuma. Baada ya wiki, kosa lina mashabiki kuliko ukweli.

Ng'ombe aliyesingiziwa miaka 126

Utasema, "Nyota ya ngapi ni ya ngapi, ina madhara gani?" Sawa. Basi sikia ya nyota ya pili.

Moto wa Oktoba 1871 uliteketeza karibu theluthi ya jiji. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 300 hivi, na watu wapatao 100,000 wakabaki bila makazi. Moto ulianzia kwenye zizi la familia moja ya wahamiaji kutoka Ireland, watu wa kipato cha chini. Haraka sana ikaenea habari kwamba mama wa familia ile alikuwa anakamua maziwa usiku, ng'ombe akapiga teke taa, jiji likaungua.

Stori ilikuwa na kila kitu. Ina mhalifu, ina mnyama, ina taa, na inachekesha. Isitoshe, mhalifu mwenyewe ni maskini na mgeni, mtu asiye na wa kumtetea. Ikaimbwa, ikachorwa, ikasimuliwa watoto.

Mwaka 1893, yaani mwaka uleule wa maonyesho yaliyozaa nyota ya tatu, mwandishi wa gazeti mmoja akakiri kwamba ile habari ya ng'ombe ilikuwa ya kutunga, ili kuipa habari rangi. Mama yule akafariki miaka miwili baadaye, watu bado wanamwona yeye ndiye aliyechoma jiji. Baraza la jiji la Chicago lilimsafisha rasmi mwaka 1997. Hesabu mwenyewe, ni miaka 126 tangu moto uwake.

Kwa hiyo mkaguzi wa makala ya bendera akifika kwenye nyota ya pili na kukuta maneno "moto ulioanzishwa na ng'ombe", kalamu nyekundu inatoka. Sentensi moja ya kupamba inatosha kumrudisha mtu asiye na hatia kizimbani, safari hii mbele ya dunia nzima yenye simu.

Mtandao nao ukaja na yake

Wikipedia ilianza 2001 kwa wazo rahisi: yeyote aandike, yeyote arekebishe. Ile ya Kiswahili, kamusi elezo huru, ilianza 2003. Wazo lilikubalika, mambo yakaenda kasi. Halafu 2005 ukatokea msala.

Mwandishi wa habari mstaafu wa Marekani, mzee wa heshima aliyewahi kufanya kazi serikalini na mmoja wa ndugu wa familia ya Kennedy, alikuta ukurasa wake umeandikwa kwamba aliwahi kudhaniwa kuhusika na mauaji ya Kennedy wote wawili. Uongo mtupu. Aliyeuandika alikuwa jamaa mmoja kazini kwake, akifanya utani wa kumchekesha mwenzake. Ule "utani" ulikaa siku 132 bila mtu kuutoa. Mzee akaandika gazetini kwa uchungu, na dunia ikaanza kuuliza: hivi hivi vitu nani anavikagua?

Desemba mwaka huo Wikipedia ya Kiingereza ikabana: asiye na akaunti haruhusiwi tena kuanzisha makala mpya. Mwezi huohuo jarida la sayansi la Nature likatoa ulinganisho wa makala 42 za sayansi, kati ya Wikipedia na Britannica. Wikipedia ilikutwa na makosa kama manne kwa makala, Britannica kama matatu. Wenye Britannica walikasirika na kuyapinga matokeo. Wengine walishangaa kwamba tofauti ni ndogo hivyo. Lakini somo lilikuwa kwa wote wawili, kwamba hata kitabu chenye jalada la ngozi kina makosa.

Na kuna ile ya kuchekesha. Mwaka 2008 kijana mmoja wa Marekani alirudi kutoka safari ya Brazil, ambako aliona wanyama wenye pua ndefu wanaoitwa koati. Kwa mzaha akaongeza kwenye makala kwamba koati pia huitwa "muhanga wa Brazil". Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Miaka ikapita, magazeti makubwa ya Uingereza yakalitumia lile jina. Kisha, hapa ndipo patamu, magazeti yaleyale yakawa ushahidi wa kuthibitisha makala. Uongo ukajizalia chanzo chake wenyewe. Ilichukua kama miaka sita hadi stori nzima kuwekwa wazi.

Ni kama mtu aliyeanzisha umbea mtaani, ukazunguka, ukamrudia jioni kutoka kwa jirani, naye akasema: "Si unaona? Hata jirani anajua!"

Mkaguzi anaingia kazini

Ndani ya Wikipedia ya Kiingereza kuna ngazi za ubora. Chini kabisa ni kipande kifupi cha mistari michache. Juu kuna hadhi mbili zinazogombewa. Ya kwanza ni "makala nzuri", utaratibu ulioanza 2005, na alama yake ni duara la kijani lenye alama ya kujumlisha. Ya pili ni "makala teule", alama yake nyota ya shaba. Kule makala zimepita milioni 6, na zenye hadhi hizo mbili ukizijumlisha hazifiki 1%.

Kwa "makala nzuri", mwandishi anaipendekeza makala, kisha anajitokeza mkaguzi mmoja ambaye hakushiriki kwa kiasi kikubwa kuiandika. Hapo ndipo bendera ya Chicago inapogeuka chumba cha mtihani, kwa sababu kuna mambo sita ya kupita.

La kwanza ni lugha. Je, msomaji ataelewa ile ya nyota iliyokuja mwisho na kukaa mwanzo? Kama mkaguzi mwenyewe amelazimika kurudia aya mara mbili, basi si kosa la msomaji.

La pili ni vyanzo, na hapo wengi huanguka. Kila dai lina mama yake? Maana ya mistari na nyota inapatikana kwenye sheria za jiji lenyewe, hiyo safi. Lakini maelezo yakitoka kwenye duka la mtandaoni linalouza fulana za bendera, hapana. Na kama gazeti liliandika jambo baada ya Wikipedia kuliandika, mkaguzi makini analinganisha tarehe, asije akafuga muhanga mwingine wa Brazil. Kisha anafungua chanzo chenyewe na kukisoma, maana kuna waandishi wanaoweka chanzo cha kweli chini ya sentensi ambayo chanzo hicho hakikuisema kabisa.

La tatu ni upana. Makala imegusa historia, muundo, maana, mabadiliko ya 1933 na 1939, na jinsi watu wanavyoitumia bendera? Na imejua pa kuacha? Kuna watu wamependekeza nyota ya tano kwa sababu nyingi, ikiwemo kumuenzi meya wa kwanza Mweusi wa jiji, aliyefariki akiwa madarakani 1987, na nyingine endapo jiji lingepata Olimpiki ya 2016. Olimpiki ikaenda Rio, na nyota ya tano haikuwekwa. Hayo yanastahili aya moja. Makala ikiyapa nusu ya ukurasa, imepotea njia.

La nne ni kutoegemea upande. Turudi kwa jamaa yetu wa mwanzo. Mwandishi mwenye hasira ataandika "alijipa ushindi". Mwenye mapenzi na jiji atalificha jambo zima. Mkaguzi anataka njia moja: sema nani aliombwa kuandika masharti, sema michoro mingapi ililetwa, sema wa nani ulipita, kisha nyamaza. Kama yupo mwanahistoria aliyelaumu, mtaje na andika kwamba ni yeye kasema. Msomaji si mtoto, atahukumu mwenyewe.

La tano ni utulivu. Makala ambayo leo inasema hivi, kesho vile, na watu wawili wanafutiana maandishi usiku kucha, haiwezi kupimwa. Kwanza wamalizane.

La sita ni picha. Nyota ya Chicago ina ncha sita nyembamba. Ukiweka picha yenye nyota za ncha tano, umechora bendera ya mji mwingine. Na picha iwe na ruhusa ya kutumika, si ya kuokota tu. Makala ikionyesha na ile ya 1917 yenye nyota mbili, msomaji anaelewa kwa sekunde moja kitu ambacho aya tatu zingemchosha.

Neno dogo, kosa kubwa

Mwaka 2004 chama cha wapenzi wa bendera cha Amerika ya Kaskazini kiliendesha kura ya mtandaoni kuhusu bendera 150 za miji ya Marekani. Ya kwanza ilikuwa ya Washington, D.C. Ya pili, Chicago. Ya mwisho kabisa, namba 150, ni mji wa Pocatello, Idaho.

Sasa linganisha sentensi mbili. "Bendera ya Chicago ni ya pili kwa uzuri Marekani." Na hii: "Katika kura ya 2004, bendera ya Chicago ilishika nafasi ya pili kati ya 150." Ya kwanza ni shabiki anaongea. Ya pili ni kamusi. Tofauti ni maneno machache tu, lakini mkaguzi hatakuachia upite na ya kwanza.

Pocatello nao wana somo lao. Ile bendera yao ilikuwa na nembo ya kampeni ya kuutangaza mji, yenye maandishi ya kujisifu na hadi alama ya biashara pembeni, kama pakiti ya sabuni. Mwaka 2015 mtangazaji mmoja wa redio na podikasti alipanda jukwaani kuzungumzia bendera mbovu za miji, akaitaja. Video ikasambaa, mji ukachekwa duniani kote. Badala ya kununa, wakaunda kamati, wakaita michoro, na 2017 wakapata bendera mpya yenye milima.

Fikiria makala iliyoandikwa 2010 ikisema "Pocatello ina bendera mbaya kuliko zote". Siku ile ingeweza kutetewa kwa namna fulani. Leo inawadhulumu watu waliojirekebisha. Kumbe makala inaweza kuharibika ikiwa imekaa tu, bila mtu kuigusa, kama maziwa mezani.

Ile alama ya kijani si kinga

Ukweli usemwe. Mkaguzi ni mtu mmoja, anaweza kuchoka, anaweza kupitisha kosa. Makala iliyopita mwaka juzi inaweza kubadilishwa leo asubuhi na mtu mwenye mzaha. Ndiyo maana hadhi hizo huweza kuondolewa, na ndiyo maana ukaguzi wote hufanyika hadharani. Kwenye kila makala kuna ukurasa wa majadiliano, ambako wenyewe wanabishana, na kuna historia ya ukurasa, inayoonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi. Yule mama wa Chicago hakuwa na kitu kama hicho. Gazeti lilichapisha, basi, hakuwa na pa kubofya.

Upande wa Kiswahili kazi ni kubwa zaidi, maana wanaoandika na kukagua ni wachache ukilinganisha na wanaosoma. Na siku hizi maneno ya Wikipedia hayabaki Wikipedia. Yanaingia kwenye majibu ya mitandao ya kutafuta habari na kwenye programu za akili bandia ambazo watu wanaziuliza maswali kitandani. Kosa la leo kwenye ukurasa mmoja ni jibu la kesho kwenye simu ya mtu ambaye hatajua lilikotoka.

Kwa hiyo ukikutana na stori tamu kuhusu bendera, mji, msanii au jirani, fanya kama mkaguzi. Bonyeza ile namba ndogo juu ya sentensi. Uone chanzo ni nini. Uone kama kinasema kweli kile kilichodaiwa. Uangalie kipi kilitangulia, chanzo au makala. Haichukui dakika tatu, na mtu fulani huko nje, aliye hai au aliyekwisha kufa, jina lake linategemea hizo dakika.

Na yule mshairi wa Chicago, je? Aliandika masharti, mchoro wake ukapita, na zaidi ya miaka 100 baadaye watu bado wanauchora kwenye ngozi zao. Hayo ndiyo yanayojulikana. Kama alijipendelea au alikuwa bora tu kuliko wale 1,000, mkaguzi mzuri angekuachia nafasi hiyo wazi.

Wewe unasemaje, mdau: kama ungekuwa kwenye ile kamati, ungempa ushindi? Na stori gani ya mtaani kwenu uliyoiamini miaka yote, kumbe ilikuwa ng'ombe wa kusingiziwa? Tupia hapo chini, na ukiweza weka na chanzo chake.